Bao la Simu Nimelipima

Ntobeye, Ngara
Jumamosi alasiri

Kwa mdogo wangu Habonimana,

Zipokee salamu zangu huko Nyamahanga, Biharamulo, wewe na wifi yangu Happyness, na walimu wenzako wote wanaonifahamu. Natumaini kikohozi cha vumbi la chaki kimetulia. Kama hakijatulia, basi najua hukunywa ile dawa niliyokuletea, maana tangu utoto wewe dawa unaiweka shavuni kisha unaitema nyuma ya nyumba. Sisi wa hapa nyumbani tunamshukuru Mungu. Maharage yametoka vizuri kuliko tulivyotarajia, ila migomba ya upande wa kisima imepata mnyauko, tumeing'oa na kuichoma. Mwanangu Yuster amerefuka mpaka lile gauni la kipaimara nimelikata likawa blauzi. Baba ukimtazama kwa mbali ni mzima kabisa. Ukimsogelea ni habari nyingine, na hiyo ndiyo iliyoniondoa kwenye cherehani leo nikakaa na kalamu.

Usishangae kwamba nimekuandikia kwenye karatasi. Ile simu kubwa uliyonitumia inashinda kwa baba, na hii yangu ya tochi nikiongea nayo uani kila mtu anasikia, yeye wa kwanza, kwa sababu masikio yake hayana shida yoyote. Barua hii nampa Telesfori, anapeleka ndizi Biharamulo Jumatatu, na nimemwapisha aifikishe mkononi mwako mwenyewe. Isome mpaka mwisho kabla hujafanya lolote. Nakujua, ukifika katikati utakimbilia kupiga simu.

Uliniambia kwamba mchezo wa bao uliomo kwenye simu hiyo umeutengeneza wewe na rafiki yako, kwamba mtu anacheza peke yake na kompyuta, na ukaniomba niupime nikuambie ukweli bila kukuonea haya. Ukasema nimwachie baba acheze, ila asijue umetoka kwako. Sawa. Nimeupima kama ninavyopima nguo ya mteja msumbufu, nikaigeuza ndani nje nikatazama kila mshono.

Nianze na mazuri, usije ukasema dada yako ana roho mbaya. Sauti ya kete zikidondoka kwenye mashimo umeipata sawasawa, mpaka Yuster alitoka jikoni kuangalia nani amelifungua bao. Kete ni kubwa na nyeusi, mashimo yana mwanga, na mtu akigusa shimo kete zinajigawa taratibu, jicho linaweza kuzifuata. Hapo umefanya kazi. Lakini yale maandishi mekundu yanayosema UMESHINDWA hayana adabu. Mtu mzima haambiwi hivyo usoni. Yaondoe, mwenye kushindwa huwa anajua. Halafu kompyuta yako haieleweki. Mara inajibu papo hapo, mara inakaa kimya mpaka uji unapoa kikombeni. Na kuna lawama moja ni ya baba mwenyewe, aliitoa siku ya kwanza na hajaacha kuirudia: anasema kompyuta hii inakaa kucheza na mzee bila shikamoo. Anasema katika maisha yake hajapata mgeni wa namna hiyo.

Usifikiri aliipokea kirahisi. Bao lenyewe unajua lilipokuwa, limeegemezwa ukutani na kugeuziwa uso tangu sikukuu ya kipaimara cha Yuster. Sipendi kukukumbusha, lakini sina namna. Uwanja ulijaa wageni, mzee Maduhu na wanawe walikuwa wametoka Kaniha kwa heshima yetu, na wewe na baba mnacheza katikati watu wamewazunguka. Baba akala kete za shimo ambalo halikuwa lake kula. Ukasema kwa sauti, tena unacheka, kwamba baba anaiba. Ungeishia hapo. Ukarudia, na wana wa Maduhu wakacheka pamoja nawe. Baba hakujibizana. Alilipindua bao, kete zikamwagika vumbini, akasema mbele ya wote kwamba wewe na yeye hamtakaa tena kwenye bao moja.

Utaratibu wa nyumbani kwetu unaujua tangu kwa babu. Kete zilizomwagwa kwa hasira haziokoti mtu mwingine, anaziokota aliyeileta hasira, na mpaka aziokote hali chakula na mwenye bao. Wewe hukuinama. Ulipanda pikipiki ukaenda zako. Kuku walipoanza kuzidonoa nikazifunika na lile karai bovu la zege, na mpaka leo zipo pale pale. Tunafagia uwanja kwa kulizunguka karai. Wageni wakiuliza, baba anasema limekaa vizuri hapo lilipo.

Kwa hiyo siku niliyoiwasha simu karibu na kiti chake nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Alisikia kete zikidondoka, akageuza kichwa, akauliza ni nini hicho. Nikamwambia ni bao la kucheza na kompyuta. Akafikiri sana. Kisha akasema yeye aliapa kutokaa na mtu fulani, na kompyuta si mtu, akanyoosha mkono. Tangu siku hiyo simu sijaishika tena ila wakati wa kuichaji au akiwa hayupo.

Alikuwa anashindwa, mdogo wangu. Baba ambaye watu walikuwa wanatoka Rulenge kuja kupimana naye, alikuwa anashindwa na anakasirika. Siku moja akaniita akaniambia kwa uchungu kwamba mashine hii inaiba. Nikakumbuka neno hilo lilitoka kinywani mwa nani mara ya mwisho, nikainamia cherehani asinione ninavyocheka. Lakini nilipokaa kando yake nikamtazama anavyocheza, kicheko kilikwisha. Mashine haikuwa inaiba. Baba alikuwa anakusudia shimo hili na kidole kinatua kwenye shimo la jirani. Simu ameisogeza mpaka puani, shingo ameipinda ili jicho la kushoto ndilo litazame. Na alikuwa anahesabu kete kwa kidole, moja moja, yeye aliyekuwa anatufinya masikio tukihesabu kwa kidole.

Nikamjaribu. Nikamwomba anipe uzi mweusi kwenye kikapu, akanipa wa bluu. Nikamwomba tena, akanipa wa kijani, akaniuliza mbona leo nina maswali mengi. Secilia, yule muuguzi wa zahanati, alipokuja kupunguza sare yake nikamwomba amtazame macho kama mtu anayepiga naye soga tu. Alipotoka nje sura yake haikuwa ile aliyoingia nayo. Alisema ni mtoto wa jicho. La kulia limeshafunikwa lote na la kushoto linafuata njia ile ile. Alisema hilo la kulia lisisubiri, kwa sababu limekomaa, na likianza kuvimba na kuuma linaweza kupotea kabisa. Akasema madaktari wa kupasua macho wanakuja hospitali ya wilaya Alhamisi hii inayokuja, wanakaa mpaka Jumamosi, kisha wanaondoka, na watarudi lini hakuna ajuaye.

Nilimweleza baba kwa upole wote nilionao, nawe unajua sina mwingi. Alikataa. Alisema macho yake hayana kasoro, ni mwanga wa simu tu unaomchosha. Nikamleta katekista, akakataa mbele ya katekista. Nikalia, akaniambia nikalie nje.

Habonimana, nataka uelewe ninachokuambia. Siku ile ya kipaimara baba hakuiba. Hakuona. Alikula kete za shimo la jirani kwa sababu kwake mashimo yale mawili yalikuwa kivuli kimoja. Sisi wote tulikuwepo, na mimi ndiye ninayemwekea chakula mbele yake kila siku, hakuna aliyejua. Jambo hilo linaniuma mpaka sasa ninapoandika.

Sasa tuje kwa hiyo kompyuta yako. Nilianza kuitilia shaka Jumapili moja. Baba alisali misa ya kwanza akarudi mapema, na kompyuta ikagoma kumjibu mpaka misa ya pili ilipotoka. Nikaanza kuifuatilia. Siku za kazi asubuhi imelala. Saa nne inaamka, inacheza haraka haraka, inalala tena. Shule zikifunga alasiri inakuwa na nafasi tele. Nikajiuliza ni kompyuta gani hii inayofuata kengele ya mapumziko. Nikakumbuka jinsi ulivyokuwa mkali kuhusu bando, unaliweka mwenyewe bila kuombwa, eti mchezo unahitaji mtandao ili ujirekebishe. Baba alipokwenda kuoga nikazima data. Aliporudi akacheza zamu yake, kompyuta kimya. Alipolala kidogo mchana nikaiwasha data, na kabla sijaiweka simu chini ikajibu. Gemu la nyoka la Yuster linachezeka hata kisimani kusiko na mtandao, na la kwako la kisasa haliwezi.

Nikatazama na uchezaji wake. Kila mara inalinda shimo la pembeni kushoto, inalijaza, inaogopa kulifungua hata pale inapopaswa kulifungua, na ndipo inapoliwa. Namjua mtu mmoja tu anayecheza hivyo, na nimembeba mgongoni.

Nilikukasirikia kweli, na bado sijamaliza. Baba aliapa mbele ya watu, na wewe umemkalisha bao moja nawe bila ridhaa yake. Nikajiambia akigundua ataona umemdhalilisha mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyekutengea kiti. Mwanzoni alikupiga marufuku kwenye bao tu, akigundua atakupiga marufuku kwenye uwanja, na mimi pamoja nawe. Na nani atamshawishi kwenda hospitali wakati hataki kuisikia sauti ya mtoto wake yeyote? Kila simu ilipolia kete nilikuwa najidunga sindano vidoleni.

Jumanne iliyopita ndipo jambo lilipopasuka. Baba alikuwa anacheza vizuri, pengine vizuri kuliko siku zote, kisha kidole kikateleza kikagusa shimo ambalo hakulikusudia. Kete zikajigawa, na mashimo yake mawili mazito yakabaki wazi mbele ya kompyuta. Hata mimi niliona. Zamu moja tu na mchezo umekwisha. Tukasubiri. Kompyuta ikakaa muda mrefu mno. Kisha ikacheza kijishimo cha pembeni chenye kete mbili, haikula kitu.

Zamu ya baba ilipofika nilikiona kidole chake kikitua kwenye shimo lililo sahihi, kikatulia, kisha kikaondoka chenyewe kikaenda kugusa kwingine, akayaacha mashimo yale mawili wazi tena kwa makusudi. Na wewe, mdogo wangu, ukayaacha tena.

Akaitia simu mfukoni mwa shati, akachukua fimbo, akaelekea kwenye migomba. Chakula cha mchana hakukigusa. Nilipanga namna ya kukutumia habari, nikashindwa. Nilifikiria hata kuitumbukiza simu kisimani akirudi, niseme imeanguka. Aliporudi aliniita ndani, akaniambia niufunge mlango. Aliongea kwa lugha ya nyumbani tupu, bila Kiswahili hata kidogo, nawe unajua baba akifanya hivyo jambo ni zito. Akaniuliza tangu lini kompyuta inamhurumia mtu.

Akasema alikutambua tangu wiki ya kwanza. Shimo la pembeni kushoto alikufundisha yeye mwenyewe kulilinda ulipokuwa mdogo, kwa sababu ulikuwa unalia ukiliwa hapo, na anasema ni somo baya kuliko yote aliyopata kuyatoa. Alijua ni wewe na akaendelea kucheza. Aliapa kutokaa nawe kwenye bao moja, na kioo cha simu si bao, kwa hiyo kiapo chake kilikuwa salama na mchana wake ulikuwa na mtu wa kucheza naye. Alivyosema hivyo nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Kisha akaniuliza kama nilikuambia habari ya macho. Nikamwapia kwamba sijakuambia, na ni kweli, sikuwa nimekuambia. Akasema basi umeyaona mwenyewe, kutoka Nyamahanga, kwa kuangalia tu kidole cha mzee kinavyokosea, wakati sisi tunaolala naye nyumba moja tunampa kikapu cha nyuzi. Alisema asiyekula kete zilizoachwa wazi, mara mbili, amejua kwamba mwenye kete haoni.

Hapo ndipo akageukia ukuta, akasema alichokuwa hajamwambia mtu yeyote, hata padri. Siku ile ya kipaimara alikuwa anaona ukungu tu. Uliposema anaiba, angeweza kujibu kwa neno moja kwamba haoni, na yangeisha pale pale, watu wangemwonea huruma. Hakutaka. Aliona heri Maduhu na wanawe waondoke wakisema mzee ni mwizi wa kete, maana mwizi wa kete bado anaitwa kucheza ili watu wachunge mkono wake na kumtania, lakini mzee kipofu wanamwekea kiti pembeni na kumletea togwa. Akapindua bao ili asiulizwe. Anasema sehemu ya hasira ilikuwa juu yako wewe, na sehemu ilikuwa ya macho, na akaitupa yote kwako.

Ndiyo hayo niliyoyasikia, sijaongeza wala kupunguza.

Tangu Jumanne hiyo hajacheza. Najua huko uliko unaitazama simu kila mapumziko, unadhani mtandao wa Ntobeye umekatika. Mtandao uko salama. Zamu ni ya baba, na amekataa kuicheza. Jana asubuhi alilitoa bao ukutani, akaniomba kitambaa, akalifuta shimo moja baada ya jingine kwa kupapasa. Ameliweka uwanjani kando ya karai, na vigoda viwili, kimoja huku na kimoja huku. Karai lenyewe hajaligusa, wala hataki liguswe. Yuster alipotaka kulisogeza ili afagie, alifokewa mpaka akadondosha ufagio.

Kuhusu hospitali amenijibu safari hii. Anasema atakwenda Alhamisi iwapo huyo mpinzani wake atakuja kumshika mkono mpaka mlangoni kwa madaktari. Asipokuja, hapandi gari la mtu yeyote, na nisimletee tena katekista. Unamjua, hatabadilika. Kwa hiyo omba ruhusa shuleni, uwe hapa Jumatano. Usije na zawadi, usije na maneno marefu ya kuomba radhi uliyoyapanga njiani. Njoo uinue karai, uinamishe mgongo, uokote kete zote mbele yake, kisha ukae kwenye kigoda. Mkono wake ukielekea shimo lisilo lake, mwambie taratibu, yeye peke yake asikie. Na yakibaki mashimo mawili wazi, kula. Usimhurumie tena, anasema ndicho kilichomuumiza kuliko kushindwa.

Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya mchezo wako, ulitaka ukweli. Msalimie sana wifi Happyness, mwambie kitambaa alichonipa kimebaki kushonwa mikono tu. Yuster anakusalimu, na jirani zetu wote. Mungu akulinde njiani, na usipande gari la Telesfori akiwa amebeba shehena, breki zake hazinipendezi.

Baba hajui kwamba nimekuandikia yote haya, ila alijua kuna barua, kwa sababu alisikia kalamu. Nilimuuliza kama ana salamu za kukutumia. Akasema hana salamu kwa mtu. Kisha nikiwa nimeshafika mlangoni akaniita, akasema niiandikie hiyo kompyuta kwamba kiti kipo, na safari hii ikikaa mbele yake ianze na shikamoo.

Ni mimi dada yako,
Evarista